Vina vya Wamenya Ndizi

Mwalimu wa kwaya yetu ya Ihanda, miaka ile ya themanini, alikuwa mama mkulima aliyeishia darasa la nne, na sijakutana na mtu aliyejua vina kama yeye. Nasema hivyo nikiwa na shahada ya lugha, ambayo siku ile nilikuwa bado naisomea, na haikunifaa kitu.

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake sikukuu ya mavuno. Mwaka uliotangulia kwaya ya Kanoni ilitucheka hadharani kwa sababu tuliimba wimbo wa kuazima. Safari hii mama alitaka wimbo wetu wenyewe, na ubeti wa mwisho ulikuwa bado hauna mwisho.

Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu. Nikamwamkia shikamoo, nikafungua daftari nililolijaza vina kutoka kwenye kamusi, kurasa sita, kwa mpangilio wa alfabeti.

"Marahaba, msomi. Kaa hapo, tuvipime."

Alikuwa na kipimo chake. Wanakwaya wanawake walikuwa wamekaa juu ya majani ya migomba, wakimenya ndizi za kuwapikia wageni. Yeye aliimba mstari, akanyamaza kabla ya neno la mwisho. Wakilijaza wenyewe huku wanamenya, limepita. Visu vikisimama, linatupwa.

Nikapendekeza "twakutaradhia", yaani twakusihi kwa unyenyekevu. Hakuna aliyelijaza, basi Mama akaliimba mwenyewe kwa heshima zote. Visu vikasimama.

"Bado lina utomvu hilo," akasema mmoja wao. "Likapikwe kwanza."

Nikatoa mengine manane. Yote utomvu mtupu.

Mama akaitazama mikono yao kwa muda, kisha akaanza:

"Jua lilipotuchoma, migomba ikasinzia;
Wewe ukaleta wingu, kivuli ukatutia;
Leo tunamenya ndizi, huku…"

"Tukikuimbia!" wakaitikia wote, na hakuna kisu kilichosimama.

"Mama, ndizi kanisani?" nikauliza. "Si tuseme neema?"

"Neema umewahi kuimenya wewe?" Wakacheka mpaka mmoja akaangusha kisu. "Andika, mwanangu."

Nikaandika. Huo ndio mchango wangu wote katika wimbo ule: mwandiko.

Kesho yake tulipofika kwenye "huku" ya mara ya pili, Kanoni, waliokuwa wamekaa mbele wakitusubiri tuharibu, wakalimalizia neno pamoja nasi. Mama hakuonyesha kushangaa. Aliwageukia tu, akainua mkono, akawaongoza na wao.