Mtani Wangu wa Mikindani

Ukiuliza habari zangu hapa Chuno, Mtwara, utaambiwa: yule maneno yake yapunguze nusu kabla hujayameza. Sikatai. Nimesoma shule ya jioni mpaka nikapata cheti cha kidato cha nne nikiwa na ndevu zangu kidevuni, na mwalimu wa historia alisema mimi peke yangu ningeweza kuongeza vita viwili kwenye silabasi. Lakini hiki ninachokueleza usikipunguze hata chembe. Kilinikuta mchana, jua linawaka, na akili zangu zote ninazo.

Mdogo wangu Zuhura alikuwa ameposwa na kijana wa Kiyao kutoka Masasi. Ndugu wa mume wakaja Mtwara kututazama tunavyoishi. Unawajua wageni wa namna hiyo? Wanakagua mpaka uvungu wa kitanda. Baba akaniita pembeni.

"Wewe una mdomo. Kesho wazungushe Mikindani, waone majumba ya kale. Na usituharibie."

Tukakodi Kosta, wa kwetu na wa kwao tukachanganyika humo, vigelegele tangu Chuno.

Kufika Mikindani, basi, mdomo ukapata kazi. Niliwaambia kabla ya Dodoma, kabla Dar es Salaam yenyewe haijajua kama itakuwa mji, makao makuu yalikuwa hapa. Boma la Wajerumani nililiongeza ghorofa mbili kwa maneno matupu. Mlango mmoja wa nakshi nikasema fundi alianza kuuchonga akiwa kijana, akamaliza hana jino hata moja. Waliniamini? Wapi! Sisi Wamakonde na Wayao ni watani, na mtani hakuamini hata ukimwambia jua limechomoza.

"Mmakonde kaanza kuvaa viatu juzi," akasema Abiti Salumu, shangazi yake bwana harusi, mama mwenye sauti ya kipaza cha msikiti, "leo anatufundisha historia!"

"Nivumilie, shangazi. Ninyi mlikuja pwani mkifuata harufu ya ubwabwa, na mpaka leo mnainusa."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikaona posa imekaa sawa.

Tukafika kwenye jengo la soko la zamani, lile walilouzia watumwa. Hapo wageni wakanyamaza. Mimi ukimya siuwezi, tena siku ya furaha. Hatua chache nyuma, kwenye kichaka, kuna kaburi la mawe ya matumbawe, halina jina, nyasi zimelimeza. Nikasimama kando yake, nikapaza sauti:

"Na hapa, watani zangu, amelala Myao mwenzenu! Alitoka bara na njaa yake, akameza pweza mzima bila kutafuna, akamkaba. Ukitega sikio utamsikia anaomba mchuzi!"

Wakaangua kicheko. Aliyecheka mwisho, na kwa muda mrefu kuliko wote, alikuwa mama mmoja mwembamba nyuma yao. Kajitanda kaniki iliyopauka, mkono haumbanduki shingoni. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini, kama mtu aliyetembea siku nyingi, na sisi tumeshuka garini sasa hivi. Nikasema moyoni, huyu wa kwao. Baadaye ndipo nilipojua kwamba wao walidhani ni wa kwetu.

Mchana tulikula wali na samaki kwenye mgahawa. Yule mama nilimpelekea sahani, akaikataa kwa kichwa, akakaa kizingitini. Wenzetu walipokwenda kuswali, tukabaki mimi na yeye.

"Mtani," akaniita. Kiswahili chake kizito, cha mtu aliyejifunza kwa kuamrishwa. "Umenicheka vizuri."

"Si wewe, mama. Nimemcheka yule marehemu."

"Ndiye mimi."

Nikacheka. Wewe ungefanyaje? Nikamwambia, "Basi pole kwa pweza."

"Pweza sikumla. Sikupewa chochote." Akauondoa mkono shingoni. Ngozi ilikuwa imechubuka kuzunguka shingo yote, imekauka kama gome la mti.

"Walinifukia haraka," akasema. "Hakulia mtu. Hakuna mtani aliyeziba njia ya kaburini, wala aliyeniiga nilivyokuwa natembea. Kwetu mtu asiyechekwa hajazikwa. Wewe ndiye mtani wangu wa kwanza."

Kama hutoki kwetu, nikufahamishe. Mtani hacheki bure msibani. Ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayefukia, ndiye anayekimbia kupeleka habari kwa ndugu wa mbali. Mimi kicheko nilikuwa nimeshakichukua. Kazi sikuwa nimeigusa.

"Nifanye nini, mama?"

"Kwetu hawajaweka matanga. Wanadhani niko njiani, narudi. Hawa uliokuja nao ni watu wangu. Watajie jina langu, wanililie, waanue matanga, nami niache kutembea."

Akanitajia jina lake, na jina la mama yake, na la mlima wa kwao. Akataka niyarudie. Nikayarudia. Akatikisa kichwa, akayasema tena, nikayarudia mpaka akaridhika.

"Utawaambia?"

"Wallahi nitawaambia."

"Mmakonde, twende!" Abiti Salumu akaniita kutoka garini. "Umebaki kuongea na nani?"

Niligeuka kumwitikia. Nilipotazama tena kizingitini palikuwa na vumbi jekundu tu.

Garini nilikaa na yale majina mdomoni kama mtu aliyebeba maji ya moto. Wenzangu wanaimba. Abiti Salumu yuko kwenye simu na baba, anamwambia wameridhika, watarudi na mahari. Niingize kifo humo? Si nuksi? Si wangesema ukoo huu una mtu anayezungumza na wafu, wakamwacha Zuhura? Nikasema, nitawaambia tukifika. Tukafika. Nikasema, kesho stendi. Stendi nikabeba mizigo yao, nikawatania wa mwisho, nikapunga mkono. Basi likaondoka na watu wa yule mama, nami nikarudi nyumbani na mzigo wake.

Zuhura aliolewa, ana mtoto. Mimi usingizi ukanikimbia, na mwishowe nikapanda basi mpaka Masasi, kwa Abiti Salumu, nikamweleza yote. Hakucheka.

"Yule wa kaniki? Nilimwona pale kaburini," akasema. "Nilidhani ni wa kwenu. Nilitaka hata kumpa khanga yangu." Akafuta macho. "Haya, mwanangu, jina lake nani?"

Nikafungua mdomo. Huu huu unaoweza kukueleza mpaka aina ya mbao za mlango nilioutungia hadithi. Hakikutoka kitu. Jina lake, la mama yake, la mlima, yote yamekwenda.

"Sasa tumlilie nani?" Abiti Salumu akaniuliza. "Huku kila ukoo una mtu aliyepotelea njia ya pwani. Bila jina umetuletea nini?"

Siku hizi nakwenda Mikindani na panga, nafyeka nyasi pale kaburini, nasoma Fatiha. Mara nyingi hapatokei kitu. Mara nyingine adhuhuri namkuta ameketi juu ya jiwe, miguu ile ile. Hana hasira. Afadhali angekuwa na hasira!

"Umefika kwetu, mtani?"

"Nimefika, mama. Lakini nikumbushe jina lako."

Hapo hucheka mpaka kaniki inamtoka begani. Anadhani ni utani. "Muongo wewe!" ananiambia. "Unataka kunichekesha tu." Na halitaji.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukienda kutazama magofu, tazama, piga picha, rudi kwenu. Ukikuta kaburi lisilo na jina, toa salamu upite. Usimcheke maiti ambaye hukujiandaa kumzika. Na kama kwenu kuna bibi aliyeshuka pwani zamani, mkasubiri, asirudi, nitafute hapa Chuno unitajie jina lake. Nitakwenda kumwita nalo, nione kama ataitika.