Aliyewafundisha Wenzake Kutoa Kiini

Kwa miaka kumi na tisa, mtu yeyote aliyetaka kurusha utepe mieleka ilipokuja mjini kwetu Hachinohe alipita kwanza mikononi mwa Akaishi Tokuji, dobi wa nyuma ya stesheni. Hakuna aliyempa cheo hicho. Alijipa mwenyewe, nasi tukamwita Mwenyekiti, kwa sababu ukibishana na Akaishi utachelewa kwenda kula.

Kazi yenyewe si kubwa. Mtangazaji akitaja jina la mwanamieleka wenu, mnamrushia ulingoni tepe za karatasi za rangi yake, zinafunguka hewani, zinamwangukia mabegani, naye anajua kwamba hapa ana watu. Lakini utepe dukani huuzwa ukiwa umeviringishwa kwenye kiini cha kadibodi ngumu. Kiini hicho sharti ukitoe mapema, ibaki karatasi tupu, la sivyo unamrushia mtu jiwe. Akaishi alituhubiria hilo mpaka likatutoka puani. Alisimama mlangoni akizibonyeza tepe za wageni moja moja kwa kidole gumba, na akikuta kiini anakuuliza mbele ya watu, "Wewe umekuja kushangilia au kuua?"

Jumapili moja ya Februari, mchana, alimuuliza hivyo Bi Nozue Fumi. Huyu ni mjane mpole mwenye duka la bento, yaani chakula cha kubeba kisandukuni, karibu na soko la samaki, na mieleka alikuwa ameiona mara mbili tu maishani. Katika tepe zake kumi alikuwa amesahau kiini kimoja. "Samahani, Mwenyekiti," akasema, akakitoa palepale, akakitia mkobani pamoja na vile tisa alivyokwisha kutoa nyumbani. Yangeishia hapo. Lakini Akaishi akishalipata sikio la mtu haliachii, akamfuata mpaka safu ya mbele, akaketi kando yake, somo likaendelea.

Na siku yenyewe haikuwa ya kupiga domo. Niida Gō, mtoto wa hapa hapa, ambaye mama yake mpaka leo anauza ngisi wakavu, alikuwa anagombea ubingwa wa wawili wawili pamoja na mwenza wake Matsunami. Mikanda miwili ya ubingwa huo waliifukuzia miaka kumi na moja, wakaikosa mara nne. Niida alikuwa na miaka arobaini na minne na magoti yake yamekwisha. Ukumbi mzima ulijua kwamba hii ndiyo mara ya mwisho.

"Halafu urushe juu, mama, si usoni," Akaishi alikuwa anamwambia Bi Nozue. "Hatutupi taka hapa." Papo hapo jina la Niida likatajwa, naye Mwenyekiti yuko mikono mitupu. Tepe zake alizoziandaa zilikuwa chini ya kiti chake, safu za nyuma. Mfukoni mwa koti mlikuwa na mmoja wa akiba, mpya, haujaguswa. Akauchomoa, akaufungua kwa kucha, akaurusha pamoja na wenzake. Mkono ulijua kabla ya kichwa kwamba ule utepe ni mzito. Niida alikuwa ameinua uso anawachekea watu wa kwao, ukampiga kwenye jicho la kushoto.

Wapo wanaosema mieleka hii ni maigizo. Haya, lile jicho halikuigiza. Kufika dakika ya kumi lilikuwa limevimba na kufumba kabisa. Dakika ya ishirini na tatu Niida, keshapigwa vya kutosha, alijiburuta kuelekea kona aliyosimama Matsunami, maana kwenye mieleka ya wawili hupumziki mpaka umguse mwenzako mkono. Matsunami alikuwa amejinyoosha juu ya kamba, upande wa kushoto. Niida akanyoosha mkono, akapapasa hewa. Akapapasa tena. Palibaki upana wa kiganja tu kati ya vidole vyao. Mabingwa wakamkamata miguu, wakamrudisha katikati, wakamlalia, na refa akapiga sakafu mara tatu.

Watu walipokuwa wanatoka, mzee wa kufagia ukumbi aliokota kiini ulingoni, akakiinua. "Hiki cha nani?"

Sote tuliovaa zambarau, rangi ya Niida, tukamgeukia Bi Nozue, kwa kuwa sote tulimsikia akikemewa mlangoni. Mama wa watu akaishiwa damu usoni. "Labda changu," akasema. "Huenda nilisahau na kingine." Akaenda mpaka mlango wa chumba cha wanamieleka, akapiga magoti, paji la uso likagusa sakafu. Niida alitoka na barafu jichoni. "Inuka, mama," akamwambia, "ni mambo ya mchezo." Lakini alikuwa analia kwa lile jicho moja, na kila mtu aliona.

Akaishi alikuwa hatua tatu nyuma yao. Mtu akamshika bega, akamwambia, "Mwenyekiti, wewe ulishatuonya." Naye akaitikia kwa kichwa. Nawaambieni, aliitikia.

Wiki iliyofuata Niida akatangaza kwamba anastaafu. Akaishi aliisoma habari hiyo huku pasi ikiwa juu ya shati la mteja, likaungua kola. Aibu ilimwingia hata kwenye chakula. Akila hakioni kitamu, akilala anaona mkono unapapasa hewa. Kila asubuhi alijiambia leo nitasema, na kila asubuhi akakuta kuna mashati mengi. Yeye aliyewaumbua watu mlangoni miaka kumi na tisa hakuwa na ubavu wa kujiumbua dakika moja. Akaanza kuzunguka njia ya mbali ili asipite duka la bento.

Wiki ya pili Bi Nozue akaja mwenyewe. Aliweka juu ya kaunta taulo la zambarau la kikundi chetu, limefuliwa, limekunjwa vizuri. "Nimelirudisha, Mwenyekiti," akasema. "Naona sistahili kukaa nalo." Kisha akasimama kidogo, kama mtu anayengoja risiti. Akaishi akatazama taulo. Akasema, "Asante kwa kulifua." Yule mama akainamisha kichwa, akaenda zake, na Akaishi akalifua tena taulo ambalo halikuwa na doa.

Alhamisi ya wiki ya tatu akafunga duka saa sita mchana, saa ambayo hajawahi kufunga hata alipofiwa. Akaenda kwa Bi Nozue na lile taulo mkononi. Palikuwa na foleni ya watu saba. Akaipanga, akifikiri huenda wakipungua ataweza kusema faraghani, kisha akajionea haya hata kwa wazo hilo. Zamu yake ilipofika akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Bi Nozue, kile kiini kilikuwa changu. Mimi ndiye niliyemuumiza Niida. Wewe hukukosa kitu."

Bi Nozue hakuacha kupakua wali. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilipofika nyumbani siku ile nilimwaga mkoba, nikahesabu. Vilikuwa kumi, vyote. Na upande ule, waliorusha tepe za zambarau tulikuwa mimi na wewe tu."

Akaishi akauliza, "Mbona basi hukusema?"

"Nilitaka useme wewe. Nilikuja mpaka dukani kwako, Mwenyekiti. Nilisimama nikakungoja. Ukanishukuru kwa kufua."

Akaishi akasogeza taulo juu ya kaunta kwa mikono miwili, akainama mpaka kiuno kikagoma.

"Niida yuko kwa mama yake mpaka Jumamosi," akasema Bi Nozue, akilichukua taulo. "Yale magoti niliyopiga siku ile yalikuwa yako. Nenda ukapige mwenyewe."

Kisha akamtazama mteja wa nyuma ya Akaishi, akamuuliza kama anataka samaki au kuku.