Vijino vya Kaseti

Katika chumba cha nyuma cha kanisa, pale Kamina, watu hujitolea kusoma vitabu vya zamani visivyo tena na mwenye hakimiliki, ili wasioona wavisikilize kwenye kaseti. Mama anayesimamia kurekodi hasomi hata ukurasa. Kazi yake ni kusikiliza na kukata. Hukaa wima, kilemba amekisogeza nyuma ya sikio, akirudisha utepe kwa kuzungusha kalamu. Msomaji akimeza mate, au ndege ya Base, kambi ya jeshi la anga, ikipita, huinua kidole: "Rudia, mwanangu." Lise, mwalimu wa shule ya msingi, hukiogopa kidole hicho kuliko inspekta wa shule.

Wiki ile ya 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani, naye Mbuyi, msomaji Mkasai, akapandishwa treni pamoja na watoto wake, msomaji mwingine, Papa Nahum, alileta kaseti ambayo Mbuyi alikuwa ameisoma. "Mama, futa hii. Batu bakisikia sauti ya Mukasai, batatuchomea nyumba. Miye nitasoma upya."

Lise alitaka kumtetea rafiki yake, lakini Mama alikuwa ameshaiweka kaseti kwenye mashine. Akaisikiliza yote, bila haraka.

"Kosa iko wapi, Papa?"

"Kosa hapana, lakini..."

Akachukua kisu kidogo, akavunja vile vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ambavyo bila hivyo mashine haikubali kurekodi juu ya sauti ya kwanza.

"Basi inabakia. Kaa, Papa. Sura ya ine njo yako." Akaweka kaseti mpya, akamfungulia kitabu kwenye sura ya nne.

Papa Nahum akakaa, akakohoa, akaanza kusoma pale Mbuyi alipoishia.