Kifungo cha Munganga

Munganga wa macho anayemtibu mama husugua viganja kwanza, maana asubuhi za Goma zina baridi, ndipo amfunike jicho lililo salama. Kila tukirudi huuliza lile lile: «Mama, unaona nini kwangu?» Jicho la kushoto lilivimba vibaya kwa ndani kutokana na ugonjwa adimu, nasi tuliogopa litapofuka. Mama alipokuwa akimeza vidonge tu, alijibu: «Weupe.» Munganga akabadili matibabu, akaanza kumchoma sindano za dawa, akaendelea kuuliza kwa upole uleule. Leo mama alisogeza uso karibu, kisha akasema: «Papa Munganga, koti yako imekosa kifungo! Bibi uliyemuoa haoni?» Munganga alicheka hadi akafuta macho yake mwenyewe, akalivua koti lake jeupe. Sasa liko mapajani mwa mama, na uzi ameutunga sindanoni mwenyewe.