Ngoma Tatu, Mikono Miwili

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia ukumbi wa bendi mjini Machakos nikiwa na viatu vya kuazima na majivuno ya kujaza lori. Nilitoka Kalama, ambako Shangazi Syombua alinifundisha kilumi, ngoma ndefu unayoibana mapajani na kuipiga kwa viganja. Shangazi akipiga, hata mbuzi wa jirani walikata kamba wakaja kucheza.

Kiongozi wa Bendi alinikalisha nyuma ya ngoma kubwa ya kukanyaga kwa mguu, matoazi, na snea, ile ndogo yenye nyaya chini. Tukaanza benga. Hapo mguu hukanyaga mapigo yote manne sawasawa, gitaa likitamba juu yake. Mama mmoja wa blauzi nyekundu akatikisa mabega, nami nikamfuata. Alipoongeza, nikaongeza. Wimbo ulipokwisha, mpiga gitaa alihema kama aliyepanda vilima vya Iveti mbio.

Kiongozi akanigeukia. "Kijana, hiyo mguu yako iko na haraka ya kwenda wapi?"

"Namfuata mama anayecheza, mzee."

"Hapa yeye ndiye anakufuata. Ukimfuata tena, Jumatatu utafuata ng'ombe kwenu."

Basi nikanyooka. Kwenye rumba nililaza kijiti juu ya snea nikagonga ukingo tu, taratibu, na naapa watu walirekebisha saa zao kwangu. Miaka mingi baadaye nikahamia kwaya ya parokia. Mwalimu wa Kwaya, mama mkali, hakutaka ngoma ifunike maneno. "Baba Mwende," alisema, "Neno kwanza, ngozi baadaye." Nikajifunza kupiga kwa ncha za vidole. Ni miaka hiyo pia nilipomaliza darasa la jioni la watu wazima, ndiyo maana leo mnanisoma.

Likizo moja nilikuta watu wa kilumi wamekusanyika kwa Shangazi. Akanipa ngoma. Bibi mmoja akasimama, akainua bega, akaningoja. Katika kilumi mchezaji ndiye huongoza. Mpigaji husoma mwili wake. Nikapiga safi kabisa, sawasawa. Bibi akajaribu kupandisha mwendo, mkono wangu ukakataa. Akajaribu tena. Kisha akaenda kuketi.

Shangazi alichukua ngoma bila hasira. "Mwanangu, unapiga kama mtu anapigilia misumari."

Nilimwahidi nitarudi anifundishe upya. Lakini Jumapili hiyo nilikuwa na kwaya, na Jumapili iliyofuata pia. Tulimzika kabla sijarudi.

Sasa nimestaafu. Kwaya imenunua kinanda chenye ngoma ndani yake, nami nikapewa blanketi na makofi. Vijana huniuliza nani alikuwa fundi kuliko wote. Nimesikia wapigaji wa benga wenye miguu ya chuma, na wa kwaya waliojua kunyamaza kuliko padri. Ila Shangazi peke yake ndiye aliyepiga huku anakutazama.

Asubuhi huketi uani na karai nimeligeuza kifudifudi. Mke wangu Mbithe akipita na mtungi wa maji, nafuata hatua zake.

"Baba Mwende, si uniache nitembee!" hucheka, kisha anaongeza mwendo makusudi, anapunguza, anasimama ghafla.

Jana aliposimama, mkono wangu ulipiga mara mbili zaidi kabla ya kusimama. Mbithe akautua mtungi, akarudi hadi mlangoni, akaanza kutembea upya.