Leso ya Kuitwa Shule

Nyanya za mamangu nilizing'oa mimi. Sisemi nilizichuma, kuchuma ni kazi ya wezi wa kawaida. Mimi niling'oa mashina mazima, na mizizi yake, na udongo wake, na vijiti vyake vya kuegemea, nikayapakia kwenye mkokoteni wa samaki, nikaenda kuyapanda shuleni ili mwalimu wa kilimo aamini kwamba ni jasho langu. Lilikuwa jambo la kipumbavu. Lakini siku ile lilionekana la akili sana, na mambo yangu yote huanza hivyo.

Ili mnielewe, sharti kwanza nieleze habari ya leso.

Mamangu ana leso nyekundu yenye michoro ya korosho nyeusi, doti nzima, vipande viwili. Maneno yake yalikwisha kwa kufuliwa, kwa hiyo haina la kumwambia mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa leso ya kuitwa shule. Kila mwalimu mkuu aliponiambia, "Kesho usije bila mzazi," mamangu alifungua sanduku, akajitanda, akatembea kutoka kwetu Sabaki mpaka shuleni bila neno, na mimi nyuma yake kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Njia nzima ilishaijua leso ile. Mama mmoja muuza mahamri akiiona tu kwa mbali alikuwa akiita, "Haya, kafanya nini leo?"

Darasa letu sasa linamaliza. Imebaki mitihani tu. Wenzangu wakikaa kukumbuka miaka yetu minne hukumbuka mechi, walimu waliohamishwa, na mwaka ule mvua ilipogoma tukawa twabeba maji ya kunywa kwa vibuyu. Mimi naikumbuka kwa safari za mamangu.

Kidato cha kwanza, kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwarobaini. Alasiri moja joto lilinizidi, nikaigonga mapigo ya kwenda nyumbani kabla ya saa yake. Shule nzima ikafunga vitabu. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni kumwona mwalimu wa hesabu akifunga mkoba wake kwenye karia ya baiskeli na kuondoka akipiga mluzi. Nilicheka mpaka nikasahau kukimbia. Mwalimu mkuu alipotoka ofisini, tulibaki watu wawili katika shule nzima, na mmoja alikuwa ameshika nyundo.

Mwaka wa pili walikuja wanafunzi wapya. Nikamchukua mmoja, kijana wa Ganze aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake hapa, nikamwingiza kwenye maabara, nikamwonyesha ile mifupa ya mtu iliyosimamishwa pembeni. "Huyu," nikamwambia, "alikuwa kidato cha pili. Alianguka kemia." Kesho yake kijana hakuonekana. Alikuwa amekwenda kwao kwa miguu, na Ganze si hapo. Aliporudi alikuja na babake, mzee mpole mwenye bakora, ambaye aliomba kwa adabu kabisa aonyeshwe huyo marehemu wa kemia, ajue kama jamaa zake walipewa habari.

Mwaka wa tatu niligundua kwamba naweza kuitoa sauti ya mwalimu mkuu, pamoja na kikohozi chake. Nikasimama nyuma ya dirisha la chumba cha walimu, nikakohoa, nikasema, "Mwalimu wa zamu! Vyoo vile vinasafishwa na nani?" Mwalimu wa zamu akatoka mbio, chapati mdomoni: "Naenda, bwana! Naenda!" Kisha nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Kikohozi kilekile, ila hiki kilikuwa cha mwenyewe.

Safari zote tatu mamangu alikalishwa kiti kimoja, mbele ya meza ya mwalimu mkuu. Kilikuwa na mguu mmoja mfupi, basi alisikiliza maovu yangu akiwa ameinamia upande. Baada ya ile ya tatu, njiani, akafungua mdomo:

"Mimi shule sikusoma. Lakini kiti chake nakijua kuliko weye."

Neno hilo lilinichoma kuliko bakora. Nikamwapia kwamba hataitwa tena, na kwamba siku ya kuagana kwa darasa letu atakaa mbele pamoja na wazazi wenziwe, kwenye kiti chenye miguu minne iliyo sawa, na watu watamwona.

Na kweli, mwaka wa nne nilitulia mpaka walimu wakaanza kuniuliza kama naumwa. Muhula wa mwisho ulipoingia, nyanya za mamangu nyuma ya nyumba zikawa zimezaa hadi zinainama. Siku hiyo akaitoa ile leso, akachana kipande kimoja vitambaa vitambaa, akafungia mashina kwenye vijiti, polepole, kama anayemfunga mtoto kidonda.

"Hii imestaafu," akasema, akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka na leso ile mkononi.

Wiki iliyotangulia kuagana, ikaja habari ya msiba Adu, kwa ndugu zake. Akajitanda kile kipande cha pili kilichobaki, akasema kwenda matangani na kuitwa shule ni shughuli moja: unainamisha kichwa, unasikiliza.

"Siku ya sherehe yenu nitashukia shuleni moja kwa moja," akaniambia. "Nyanya zangu usizisahau hata siku moja."

Na sikuzisahau.

Sasa, mwalimu wetu wa kilimo. Ni mtu wa bara, mwema, lakini jua la kwetu hapatani nalo. Kilimo alitufundisha kwa chaki. Alichora nyanya ubaoni nzuri hata mate yakakutoka, lakini kule nyuma ya vyoo, ambako kila mmoja wetu alipewa tuta lake, hakukanyaga muhula mzima. Nasi tukamfuata nyayo. Matuta ya wenzangu yaliliwa na mbuzi. Langu mbuzi walilipita tu, maana halikuwa na la kuliwa. Palikuwa na kibao cha jina langu, na kibao chenyewe kimelala.

Ijumaa mwalimu akaingia darasani, akasema, "Asubuhi ya kuagana nitakagua matuta. Yule ambaye tuta lake ni jangwa, mzazi wake atapitia ofisini kwanza kabla ya kuketi na wageni."

Wenzangu wakaguna. Mimi niliona kitu kimoja tu: kile kiti cha mguu mfupi, na mamangu juu yake, siku ileile ya sherehe.

Rafiki yangu wa dawati moja ni wa watu waliotoka visiwani huko kaskazini, na ami yake ana mkokoteni wa kuchukulia samaki. Jumamosi mchana tukaenda nao mpaka kwetu. Alipoona ninavyochimba akashika kichwa.

"Wallahi weye huna akili. Hizi si za mamako?"

"Za mamangu ni zangu."

"Kamwambie hivyo yeye, nikusikie. Na hivi vitambaa, tuvifungue?"

"Viache, zitaanguka."

"Na mamako akenda kuziona huko shule?"

"Wazazi huja kula pilau," nikamwambia. "Nani atakwenda kutazama matuta nyuma ya vyoo? Sherehe ikiisha, yeye akiwa bado anaamkiana na watu, sisi twazing'oa, twazirudisha. Akifika nyumbani azikuta zamngoja."

"Utazaliwa upya na mamako," akasema, "na safari hii kwa bakora." Lakini akashika jembe. Ndiyo maana ni rafiki yangu.

Tulipofika shuleni na kuzipanda, nyanya zililala chini zote kama darasa katika kipindi cha mwisho. Tukazimwagia maji ya mtoni, yale mekundu ya Sabaki, asubuhi na jioni, jioni na asubuhi. Sijawahi kufanya kazi hivyo maishani. Lau ningelimwagilia tuta langu hivyo tangu mwanzo wa muhula, ningekuwa na nyanya zangu mwenyewe, lakini hilo lilinijia baadaye sana. Siku ya tatu zikaanza kuinua vichwa. Matunda matatu yaliyoanguka njiani tuliyarudisha kwa uzi mweusi.

Asubuhi ya kuagana mwalimu wa kilimo akavaa kofia, akatoka kuyatazama matuta. Akapita jangwa baada ya jangwa, akitikisa kichwa, akiandika. Alipofika kwangu akasimama. Akavua kofia. Akainama, akanusa.

"Samaki?" akaniuliza.

Ule mkokoteni! "Ndiyo, mwalimu," nikasema.

"Mbolea ya samaki! Mimi nilisema hayo kidato cha pili, nikadhani hakuna anayenisikia!" Macho yake yalikuwa yamelowa kidogo. Nawaambia kweli, hapo ndipo nilipoona aibu ya kwanza. Ya pili ilikuwa njiani kutoka Adu.

Mamangu alifika na vumbi la safari miguuni, kipande cha leso kichwani. Muuza mahamri alikuwa amemwona akipita, akamwita kama kawaida, "Kafanya nini leo?" Na mamangu, nilisimuliwa baadaye, akasimama katikati ya njia, akajibu kwa sauti, "Leo kamaliza!"

Wakamkalisha mstari wa mbele. Kiti kilikuwa kizuri. Nilikijaribu mwenyewe asubuhi. Mwalimu mkuu akasoma hotuba ndefu kwa Kiingereza, na wazazi wakapiga makofi kila alipotua kuvuta pumzi, jambo lililomfanya aisome hadi mwisho. Ikawa zamu yetu kuimba wimbo wa kuaga kwa kufuatisha kaseti. Redio ikala utepe katikati, tukamalizia bila muziki, kila mtu kwa sauti ya nyumbani kwao. Kisha mwalimu wa kilimo akasimama, akatangaza kwamba zawadi ya tuta bora, ndoo mpya ya bati, inakwenda kwa... akataja jina langu.

Wenzangu walishangaa kuliko waliposikia mifupa ya maabara ilikuwa ya plastiki. Mamangu alijifuta macho kwa ncha ya leso. Nikapokea ndoo, nikampelekea, na pale pale ningekufa kwa furaha, kama mwalimu hangeongeza neno.

"Wazazi, haitoshi kusikia. Twendeni mkaone kwa macho."

Wakainuka wote. Wazee na bakora zao, kina mama na watoto mgongoni, msafara mzima ukazunguka vyoo. Rafiki yangu akanikaribia, akaninong'oneza, "Innalillahi."

Mwalimu akasimama mbele ya nyanya kama mtu anayeonyesha watoto wake. "Tazameni majani. Tazameni matunda." Akagusa moja, likamwangukia mkononi na uzi wake. "Yameiva hata yanajileta! Lakini ustadi wenyewe ni huu hapa." Akashika kitambaa kimoja, akakifungua, akakiinua juu watu wote wakione. "Wengi hufunga kwa kamba, na kamba hukata shina. Huyu kijana ametumia kitambaa laini."

Kitambaa kikapepea. Chekundu, chenye korosho nyeusi. Na nyuma yake kidogo, sawa na mkono wa mwalimu, kilikuwa kichwa cha mamangu, chekundu, chenye korosho nyeusi.

Mwalimu hakuona. Wenzangu waliona. Nilisikia kicheko kikianza nyuma, mtu anakibana kwa mkono, kinamtoka puani.

Mamangu alikitazama kitambaa. Akazitazama nyanya, shina moja moja, kama anayewaamkia jamaa aliokutana nao mji wa ugenini. Mimi hakunitazama. Kisha taratibu, bila haraka yoyote, akaivua leso kichwani, akaikunja ndogo, akaitia ndani ya ndoo. Kicheko kikakatika.

"Mama," mwalimu akamwuliza, "kijana huyu alijifunza wapi kufunga hivi?"

Shingo yangu ilikuwa mikononi mwa mamangu. Neno moja tu, na angerudi kwenye kile kiti, na mimi kando yake, mbele ya watu wote.

"Kwangu, mwalimu," akasema. "Aliona kwangu."

"Hongera sana, mama!"

"Ahsante, mwanangu. Tumetaabika nazo."

Tulirudi nyumbani mimi nimebeba ndoo, yeye mbele. Kwa muuza mahamri alisimama, akanifanya niinue ndoo ionekane vizuri, tukaendelea. Tulipofika akazunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba. Matuta yake yalikuwa mashimo matupu, kama kinywa cha mtu aliyeng'olewa meno yote kwa siku moja. Akayapitia shimo kwa shimo, mikono nyuma.

"Nitazirudisha kesho, mama," nikasema. "Zote. Alfajiri."

"Usiziguse. Mwalimu amesema wale wa kidato cha tatu wataletwa kujifunza kwazo."

Akaichukua ndoo mkononi mwangu, akaigonga kwa kidole asikie bati lake, akatoa leso ndani, akaikung'uta, akajitanda tena. Nilikuwa nimekwisha kufumba macho, nangoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, alikuwa ananitazama kwa mara ya kwanza tangu kule kwenye matuta, na akasema:

"Nyanya zangu zimepasi. Umebaki weye."