Dirisha la Herufi Nane

Chumba chetu cha mitambo kilikuwa ghorofa ya pili, upande unaotazama ziwa, na ndani yake mlikuwa na kompyuta mbili ambazo hazikusalimiana. Ya kwanza tuliletewa na watengenezaji wa minara. Ilijua kila kituo chetu cha simu za redio, kuanzia Sondu hadi Asembo Bay: nani ana umeme, nani hana. Ya pili iliuzwa na watu wengine kabisa, na kazi yake ilikuwa kupanga mafundi na magari, kituo kipi kiendewe leo na kipi kingoje. Kati yao nilikuwa mimi. Nilisoma taa nyekundu huku, nikageuza kiti, nikaandika kule. Mama yangu huko Maragoli alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na hakuna kitu kilichonipandisha hasira kama kiti kile.

Kwa hiyo wakubwa walipoamua, katikati ya miaka ya tisini, kwamba mashine hizo zizungumze zenyewe, niliiomba kazi hiyo kabla hawajamaliza kusema.

Waliotengeneza ile ya pili walikuwa wameacha njia ya programu za wageni kuingiza habari. Mimi niliiita dirisha, kwa sababu ilifanya kazi kama dirisha la posta. Huingii ndani. Unasukuma fomu yako chini ya kioo, na ukiwa umeijaza wanavyotaka, inapokelewa. Fomu ilitaka jina la kituo, saa, na neno la hali lisilozidi herufi nane. Basi niliandika programu ndogo ya kusimama katikati, nikaiita mkalimani. Mashine ya kwanza ilisema kwa tarakimu: sifuri, moja, mbili. Mkalimani akazigeuza kuwa MZIMA, MGONJWA, AMEKUFA. Kisarufi kituo kingekuwa kimekufa, lakini Kisumu kila kitu ni yeye. Mgonjwa alingoja zamu. Aliyekufa aliendewa siku hiyo hiyo. Nilijaribu maneno yote matatu siku nzima, dirisha likayapokea, nami nikajiona nimefika.

Siku ya kukabidhi, mkubwa wangu alikuja kutazama. Alikuwa mtu wa Asembo, mpole, karibu kustaafu, na sote tulimwita Mzee. Akagusa skrini kwa kucha.

"Hii toa," akasema.

"AMEKUFA? Kwa nini, Mzee?"

"Nyathina, mtoto wangu, huku mtu hakufi kwa mashine. Kwetu mtu akikufa, watu wanakutumia neno ati otuo ahinya, yeye mgonjwa sana, kuja haraka. Ukisikia hiyo 'sana' unajua. Lakini hakuna mtu amekutamkia."

"Kituo si mtu, Mzee."

"Kituo iko na mtu."

Nilibishana naye hadi chai ikapoa. Mwisho nikaondoa AMEKUFA na kuweka MGONJWA SANA, kwenye mkalimani na kwenye orodha ya mashine ya pili, huku nimeuma meno na nikipiga vibonye kwa nguvu ili asikie. Sikujaribu tena. Ilikuwa kazi ya dakika tano, na sikuifanya kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nilikwenda kumlalamikia mwenzangu mmoja wa hesabu huko chini, ambaye hata hakuelewa kosa la Mzee lilikuwa nini.

Niliijua maana ya "kituo iko na mtu". Mlinzi wa kituo cha Asembo Bay alikuwa kaka yake Mzee, mkubwa kwake kwa miaka mitatu. Kila asubuhi alifungua kibanda chenye mitambo, akawasha jenereta ya kuchaji betri, akafunga, akarudi kwake, hatua mia hivi. Ndugu hao hawakuwa wamesemezana kwa miaka sita, kwa ajili ya mpaka wa shamba la baba yao. Lakini mlango wa kibanda ulikuwa na waya, na ulipofunguliwa mashine yetu ilijua. Mkalimani aliipitisha habari dirishani, na mashine ya pili ikachapa kwenye karatasi ASEMBO, MLANGO, na saa. Mzee alisimama kando ya printa akingoja mstari huo. Ukishatoka, alisema "Ameamka," kisha ndipo akanywa chai. Kufunguliwa na kufungwa vyote vilikuwa vikichapwa mwanzoni. Mstari wa kufungwa niliuondoa mimi, kwa kuona tunaharibu karatasi.

Mkalimani akafanya kazi vizuri kiasi kwamba skrini ya kwanza, ile ya taa, tuliifunika kitambaa. Hakukuwa na sababu ya kuitazama. Wageni kutoka Nairobi waliletwa kuona jinsi mashine mbili za watu wasiojuana zinavyoelewana bila mtu kati. Ukikaa humo mchana ulisikia printa ikianza yenyewe, ikaandika mstari, ikanyamaza. Hata mimi niliyemtengeneza mkalimani nilikuwa nikishtuka.

Ulikuwa ni mwaka ambao magugu maji yalikuwa yamelifunika ziwa. Kutoka dirishani ungeona ghuba yote kijani kama shamba la mtu, na kesho yake maji matupu, na keshokutwa shamba limerudi. Hakuna aliyeyaona yakitembea. Sikupenda kuyatazama, na nilihamisha meza yangu ili niyape mgongo.

Jumatatu moja mlango wa Asembo ulifunguliwa saa moja kamili. Mzee akasema "Ameamka," akanywa chai yake. Saa nne printa ikaanza.

ASEMBO. MGONJWA.

Mzee aliisoma, nami nikaisoma juu ya bega lake. Nakumbuka vizuri kwamba nilisikia baridi kidogo mgongoni na sikujua ni ya nini.

"Mgonjwa," akasema Mzee. "Sio mgonjwa sana. Betri tu hiyo. Itangoja."

Mashine ya pili iliiweka Asembo nyuma ya Sondu, na gari likaenda Sondu. Saa tano printa ikaandika tena: ASEMBO. MGONJWA. Saa sita tena. Siku nzima iliendelea hivyo, mstari ule ule kila saa, na kila ulipotoka nilijikuta nimesimama. Nilifikiri ni Asembo inayosema. Haikuwa Asembo. Kituo kilichokufa hakiwezi kusema kimekufa. Ni mashine yetu wenyewe iliyokuwa ikikiita, ikikosa jibu, na kukisemea.

Jumanne saa moja Mzee alisimama kando ya printa. Mstari wa mlango haukutoka. Alingoja hadi saa mbili, mikono nyuma, chai iko mezani. ASEMBO. MGONJWA, ikaandika printa. Akaniangalia.

"Mlango haijafunguliwa."

"Labda haikufungwa jana," nikasema, kwa kusema tu, na nilipokwisha kusema nikahisi nywele za mikono zikisimama. Nikaenda nikaondoa kitambaa kwenye skrini ya kwanza.

Asembo ilikuwa nyekundu. Tarakimu ilikuwa mbili, ile ya aliyekufa, tangu saa nne ya jana. Chini yake, katika maandishi madogo, hali ya mwisho ya mlango kabla kituo hakijanyamaza: wazi.

Nilielewa pale pale. MGONJWA SANA ina herufi nyingi mno. Dirisha halikuikataa fomu yangu. Liliikata mkia tu, likapokea herufi nane za kwanza, na ya nane ilikuwa nafasi tupu. Tangu siku ya kukabidhi, kituo chochote ambacho kingekufa kingeandikwa mgonjwa, na hatukujua kwa sababu kabla ya Asembo hakuna kilichokuwa kimekufa.

"Mzee," nikasema, "hiyo 'sana' ilikuwepo. Imekatwa. Ni mimi."

Alichukua kofia yake.

Tulikwenda kwa gari la kazi, dereva, Mzee na mimi, tukapita Kisian, tukapita Ndori. Nilikuwa nikiomba iwe ni jenereta tu. Niliomba mvua, wizi wa betri, radi, kitu chochote chenye bei. Tulipofika Asembo Bay ghuba ilikuwa imefungwa na magugu hadi ufukweni, mashua zimekwama katikati ya kijani, na hapakuwa na upepo. Kibanda chetu kilikuwa juu kidogo ya barabara. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na giza na harufu ya dizeli, jenereta baridi, na mbele ya jenereta, sakafuni, kiatu kimoja cha mpira. Kuku wawili walikuwa wamesimama kizingitini wakitazama ndani, lakini hawakuingia.

Mzee alikitazama kiatu. Kisha akageuka, akashuka kwenda kwa kaka yake kwa njia ambayo hakuwa ameipita kwa miaka sita.

Watu walikuwa wamekaa uani, wengi, na walituona kwa mbali bila kuinuka. Mke wa kaka yake alikuja kutupokea. Hakuwa akilia. Alimshika Mzee mkono, na Mzee alijua kabla hajaambiwa.

"Shemeji, umekuja," akasema. "Imekuwa leo asubuhi, kabla jua kutoka."

Akatueleza akiwa amesimama. Jumatatu mumewe aliamka na maumivu ya kifua, akakataa kulala, akasema lazima afungue. Alianguka kabla hajawasha jenereta. Majirani walimbeba hadi nyumbani. Walipopata nafasi ya kwenda kupiga simu, ile ya duka ilikuwa imekufa pamoja na kituo, na simu ya chifu pia. Walitaka kumtuma mtu apande gari hadi Kisumu.

"Akakataa," akasema mama yule. "Akasema kutuma mtu ni kuongea, na yeye hataanza kuongea. Akasema, hiyo mlango muwache wazi, msifunge. Fundi mmoja alimwambiaga wewe hunywi chai kabla afungue. Ndiyo sababu alikuwa anafungua saa moja, hata Jumapili, hata akiwa na homa. Akasema, ndugu yangu anaangalia. Akiona haijafungwa, atakuja."

Mzee alivua kofia.

"Tulikungoja jana mchana yote. Kila gari ikipita alikuwa anauliza, ni yeye? Jioni alituambia tumgeuze aangalie barabara."

Nilitaka kusema kwamba ni mimi niliyeondoa mstari wa kufungwa, ni mimi niliyeweka neno refu na sikulijaribu. Nilifungua kinywa, na Mzee akaweka mkono wake mzito kwenye mkono wangu.

"Niliona," akamwambia mama yule. "Niliona tangu jana. Gari ndio ilikosa."

Ulikuwa uongo, na aliutoa bila kupepesa macho. Nilimchukia kwa kitambo kidogo kwa kunifichia, na sijawahi kumpenda mtu wa kazini kama nilivyompenda Mzee wakati ule. Yule mama alipumua, akaketi, na hapo ndipo machozi yakamtoka. Baadaye akauliza kama sasa mtu anaweza kwenda kufunga kule juu, kwa sababu kuku wangeingia kwenye mitambo.

Nikainuka niende. Mzee akasema hapana, nikae na watu. Alipanda njia ile peke yake, kofia mkononi, na alichelewa sana kurudi.